Kufuli la Polikarpo

Barua ya kumfukuza kazi Polikarpo ilikuwa na mistari minne, na hata jina lake walilikosea. Waliandika Polikapo. Mwanabaraka aliisoma akiwa bado amesimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzikia miguuni. Ilikuwa Januari ya mwaka 1998, mwezi wa Ramadhani, na mvua za El Nino zilikuwa zimeingiza maji kwenye ofisi yao ya Temeke mpaka kufunika miguu ya meza.

"Shikamoo mzee. Kaileta nani hii?"

"Marahaba. Dereva wa Mbezi. Kasema nimpe na ufunguo hapohapo."

Polikarpo alikuwa anakusanya vitu vyake. Havikuwa vingi: kikombe, sweta, redio ndogo, na daftari ambalo kila siku aliandika saa ya umeme kukatika na saa ya kurudi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, Mmakonde wa Newala. Alikuwa ameendesha kompyuta za shirika moja la umma tangu enzi za kadi za kutoboa, mpaka shirika lilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Alikaa nyumbani miaka miwili, ndipo kampuni hii ikamchukua atunze mashine ya Temeke. Mwanabaraka, mwandishi wa programu, alikuwa nusu ya umri wake. Walikuwa wawili tu katika ofisi ile.

"Wanasema nafunga ghala," Polikarpo alisema. "Mwanangu, mie ghala siligusi. Niliambiwa nisiguse, sijagusa."

Mwanabaraka alimbebea redio mpaka barabarani, akarudi ndani, akakaa mbele ya kompyuta akiitazama bila kuiona.

Kampuni ilikuwa na ofisi mbili. Ile kubwa ilikuwa Mbezi Beach, na hii ndogo ilikuwa Temeke, karibu na zahanati walizozihudumia. Walitengeneza programu ya kutunza stoo za dawa. Maandishi yote ya programu hiyo, kila faili na kila sahihisho, yalikaa kwenye ghala moja ndani ya kompyuta ya Mbezi. Kila siku saa saba mchana, watu wakiwa wametoka kwenda kula, kompyuta ya Mbezi ilipiga simu Temeke na kuleta mabadiliko ya siku hiyo, ili Temeke nako kuwe na ghala la nakala lililo sawasawa na lile la kwao. Kazi hiyo ya kunakili aliitengeneza Fredrick, fundi mkuu wa Mbezi.

Ghala lilikuwa na utaratibu wake. Mtu alipoanza kuingiza kazi yake, programu ya ghala iliweka kwanza kijifaili kitupu kwenye rafu ya ghala anayoitumia, ili wengine wasubiri. Ofisini walikiita kufuli. Mtu akimaliza, kufuli liliondoka lenyewe. Ni jambo la sekunde chache. Lakini tangu Ramadhani ianze, ghala la Temeke lilikuwa linajifunga na kubaki limefungwa. Ukiliomba faili, kioo cha kompyuta kilikuandikia kwamba kinasubiri kufuli la polikarpo. Kinasubiri. Kinasubiri. Unaweza kukaa hapo mpaka adhana ya magharibi.

Alhamisi iliyopita, Mfaume, mkurugenzi wao, alikuwa amempigia Mwanabaraka simu kumuuliza tatizo ni nini. Mwanabaraka alikuwa amefunga, ana kiu, kichwa kinamuuma, na alitaka simu ile iishe. Akasema, "Labda mzee anaacha kazi katikati. Huwaga anatoka saa saba kwenda kula."

Maneno hayo sasa yalikuwa kwenye mstari wa tatu wa barua, karibu vilevile alivyoyasema.

Alikuwa bado anayafikiria maneno hayo mlango uliposukumwa kwa nguvu. Aliyeingia alikuwa Genoveva, muuguzi mkuu wa moja ya zahanati zao, na gauni lake jeupe lilikuwa limelowa mpaka magotini. Alitupa karatasi mezani.

"Soma hiyo, dada. Soma kwa sauti."

Ilikuwa orodha ya dawa za kuteketezwa, iliyotolewa na programu yao. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa dripu za maji ya chumvi, makatoni arobaini. Mwisho wa kutumika: mwezi wa tatu, 00.

"Sifuri sifuri ni mwaka elfu mbili," Genoveva alisema. "Mashine yenu inadhani ni 1900, inaona zimeisha zamani. Jumamosi msaidizi wangu kafuata hiyo karatasi, kafunga stoo. Watu sita wenye kipindupindu karudisha, dada, sita, anawaambia dripu hakuna, na dripu zimejaa mpaka darini! Mmoja kabebwa kwenye mkokoteni kupelekwa hospitali, katikati ya maji. Mie nimerudi jana, nimesoma katoni kwa macho yangu, nikavunja stoo. Sasa nimeandikiwa onyo kwa kuvunja stoo."

"Wale sita wakoje?"

"Wazima. Lakini si kwa sababu yenu."

Mwanabaraka alilijua kosa lile. Najat, mwenzake wa Mbezi, alikuwa amelisahihisha tangu wiki iliyopita, na sahihisho lilikuwa limeshafika hapo Temeke, ndani ya ghala la nakala, nyuma ya kufuli. Alimwambia Genoveva asiifuate orodha hata kwa mstari mmoja mpaka amletee programu mpya. Genoveva alipotoka, Mwanabaraka alipiga simu Mbezi.

"Fredi, nataka sahihisho la Najat leo. Niletee kwenye disketi."

"Gari liko wapi, dada yangu? Moja tu, na barabara unaiona."

"Gari lilikuwa hapa asubuhi! Limeleta barua ya mzee. Lilishindwa kubeba disketi?"

Fredrick alicheka kidogo. "Usigombe, umefunga. Nyie mliofunga ndio mnafunga na maghala. Kesho nitaingia kwa simu, nilitoe hilo kufuli mie mwenyewe. Wewe usiguse ghala. Mzee si hayupo tena? Basi, matatizo yameisha."

Mwanabaraka alirudisha mkono wa simu kwa nguvu mpaka kengele yake ikalia. Akajiambia kimoyomoyo: nimefunga, nimefunga. Haikumsaidia.

Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa sita na nusu Fredrick aliingia kwa simu kutoka Mbezi, akaliondoa lile kufuli, akapiga simu kujisifu. "Umeona? Kaondoka mtu, ghala limefunguka." Mwanabaraka aliomba faili za Najat palepale. Kabla hazijatoka, umeme ukakatika. Ulirudi saa saba kasoro dakika tatu. Mashine ilikuwa ndiyo kwanza inaamka pale simu ilipoita na nakala ya siku ikaanza kuingia. Kwa mvua ile laini ilikuwa mbovu, na kazi ya dakika kumi ilichukua arobaini. Aliingoja mpaka mwisho, kisha akaomba faili upya.

Kinasubiri kufuli la polikarpo.

Aliangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. Aliangalia kiti cha Polikarpo, kitupu. Mzee alikuwa nyumbani kwake Mtoni tangu jana, bila ufunguo, bila mashine, na ofisini hakukuwa na mtu mwingine ila yeye. Alilitazama kufuli lenyewe: liliwekwa leo hii, saa saba na dakika kumi na mbili.

"Mtu mmemfukuza jana," alisema kwa sauti katika chumba kitupu, "leo kafunga vipi?"

Hapo ndipo alipoamua kuligusa ghala. Hakuanza kwa kufuta. Aliyatafuta kwanza makufuli yote, rafu baada ya rafu, akiyaandika kwenye karatasi: liko wapi, la tarehe gani, saa ngapi. Fredrick alikuwa ameondoa moja tu. Ukiacha hili la leo, yalikuwepo mengine thelathini, baadhi kwenye rafu ambazo hakuna mtu wa Temeke aliyewahi kuzifungua. La kwanza lilikuwa la siku ya pili ya mfungo. Yote yalikuwa ya kati ya saa saba na saa nane kasoro.

Kila kufuli lilikuwa na jina lake refu, lililotengenezwa na programu yenyewe, na ndani ya jina hilo mlikuwa na jina la mashine ambako kazi ilianzia. Kompyuta za kampuni zilipewa majina ya samaki na Fredrick. Ile ya Mbezi aliiita Kolekole. Ya Temeke aliiita Pono, akacheka sana siku hiyo, kwa kuwa pono ni samaki anayesifika kwa usingizi. Mwanabaraka alipitisha kidole kwenye orodha yake, mstari kwa mstari. Kolekole. Kolekole. Kolekole. Mara thelathini na moja. Pono haikuwemo hata mara moja.

Kwa nini basi kioo kilisema polikarpo? Alifungua maelekezo ya kazi ya kunakili, akasoma pole pole. Fredrick alipoiweka Temeke, hakuipa jina lake. Aliipa jina la mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti siku ile. Kila faili iliyoingia kutoka Mbezi ilihesabiwa kuwa imewekwa na Polikarpo, hata makufuli. Kilichokuwa kinatokea kilikuwa chepesi mno: mtu wa Mbezi anaingiza kazi, kufuli linawekwa, na katika sekunde hizohizo nakala inapita na kulibeba. Mbezi kufuli linaondoka lenyewe. Temeke linabaki, kwa kuwa mwenye kuliondoa hayupo Temeke. Wala hajawahi kuwepo.

Alichapa orodha yake nakala tatu. Kisha akahakikisha hakuna kazi inayoendelea kwenye mashine, akayafuta makufuli yote, moja moja, akatoa sahihisho la Najat, akatengeneza programu, akaijaribu kwa tarehe za mwaka elfu mbili mpaka akaridhika. Kabla ya magharibi alikuwa zahanati kwa Genoveva na disketi ndani ya mfuko wa nailoni. Orodha mpya ilitoka na dawa mbili tu za kuteketezwa, na kweli zote mbili zilikuwa zimeisha.

"Na lile onyo langu?" Genoveva aliuliza.

"Bado," Mwanabaraka alisema. "Kesho naenda Mbezi."

Jumatano aliingia ofisini Mbezi Beach saa tatu asubuhi, bila miadi. Mfaume alikuwa ofisini kwake na Fredrick. Mwanabaraka aliweka karatasi mezani, akamwita na Najat.

"Najat, mdogo wangu, mwezi huu saa saba unakuwa wapi?"

"Hapahapa. Nitoke niende wapi, nami nimefunga? Saa ile pametulia, naingiza kazi zangu zote."

"Basi ni Najat," alisema Fredrick.

"Si Najat!" Mwanabaraka alipiga meza, mwenyewe akashtuka. "Najat kafanya kazi anayolipwa kufanya. Wewe ulipanga nakala saa saba kwa kuwa kila mtu anatoka kula. Hukukumbuka kuna mwezi ambao nusu ya ofisi haitoki kula. Nakala yako inabeba makufuli ya hapa inakuja kuyatupa kwetu, tena kwa jina la mzee. Soma! Kolekole, Kolekole, Kolekole. La jana limefungwa na mtu mliyemfukuza juzi. Alifungia wapi, Fredi? Kitandani kwake?"

Fredrick aliisoma orodha. Alisoma ukurasa wote, akageuza, akasoma tena. Uso wake haukubadilika sana. Akasogea kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, akaandika kidogo, akarudi.

"Ilikuwa mstari mmoja tu," alisema. "Nimeiambia nakala iyaruke makufuli. Haitatokea tena."

Ilikuwa imemchukua nusu dakika. Mwanabaraka alimgeukia.

"Nusu dakika," alisema. "Wiki tatu mzee anakwambia hajagusa, hukumpa nusu dakika."

"Sasa tuyamalize," Mfaume aliingilia. "Mwambie mzee arudi kesho. Mshahara wake uko palepale. Yaishe."

"Na barua?"

"Barua gani tena?"

"Ya kusema hakukosa. Na nyingine kwa wenye zahanati, kwamba orodha ilikuwa mbovu, Sista Genoveva alifanya sawa kuvunja stoo."

Mfaume alivua miwani. "Mwanabaraka, wenye zahanati nimeshawaambia mhusika kaondolewa. Leo niwaandikie hakuwa mhusika? Mkataba unaisha mwezi wa sita. Kuna makampuni matano yanautaka. Zamani kulikuwa na shirika moja, sasa hivi kila kona kuna mtu na kompyuta yake. Nikijivua nguo namna hiyo, nyote mtakula wapi?"

"Kwa hiyo mzee abaki na kosa, sie tubaki na mkataba."

"Usinipandishie sauti. Kosa hilo si nililitoa kwako? Nani aliniambia huwa anatoka kwenda kula?"

Najat alimgeukia Mwanabaraka. Alikuwa hajui.

"Mie," Mwanabaraka alisema. "Nilisema mie. Sikuwa nimechunguza kitu, nilichoka tu nikataka uniache, na mzee alikuwa pale nje hajui kama anasemwa. Andika na hilo. Andika jina langu. Lakini andika! Usipoandika wewe, orodha hii ninazo tatu, na moja nampelekea Sista Genoveva leo, aambatanishe na majibu ya onyo lake."

"Unanitishia?"

"Ndiyo."

Mfaume alivaa miwani, akaivua tena. Labda alikuwa anapima nini kitamharibia zaidi. Mwishowe alisukuma karatasi tupu upande wa Najat, akaanza kusema na Najat akaandika. Ziliandikwa barua mbili. Alitia sahihi zote kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, kisha akamwambia Mwanabaraka kwamba mwezi wa sita wataongea kuhusu kazi yake. Fredrick alikuwa ameshatoka zamani. Hakusema samahani, si kwa Najat, si kwa mtu yeyote.

Mtoni, maji yalikuwa yamefika uani kwa Polikarpo. Mkewe, Yustina, alikuwa anayachota kwa sufuria na kuyamwaga mtaroni. Ndani, godoro lilikuwa limepandishwa juu ya matofali na Polikarpo amekaa ukingoni mwake, suruali imekunjwa.

Mwanabaraka alimpa barua. Mzee alivaa miwani yake, akaisoma taratibu, midomo ikicheza. Alifika mwisho. Akarudi juu. Kwenye mstari wa tano kidole chake kilisimama.

"Hapa pameandikwa wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Ulimwambia Mfaume naacha kazi naenda kula."

"Nilimwambia. Nisamehe. Sikujua kama..."

"Kula!" Polikarpo alisimama, na Yustina akaacha kuchota maji. "Mie nilikuwa natoka kwa ajili yako! Nakula muhogo wangu nyuma, nimesimama, mvua inanipiga, ili wewe uliyefunga usisikie harufu ya chakula. Miaka ishirini na mbili nipo na mashine. Shirika limeuzwa nikiwa nimesimama kwenye mashine. Sijawahi kuacha kazi katikati, hata siku moja! Ungeniuliza. Mlango mmoja, meza mbili. Ungegeuza shingo tu, ukaniuliza."

"Ni kweli."

"Najua ni kweli. Sihitaji uniambie ni kweli."

Yustina alisema, "Baba, kakuletea barua, angalau."

"Barua nimeiona." Aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Kazini nitarudi, kwa sababu sina pengine. Wewe nenda. Leo sitaki kukuona hapa."

Mwanabaraka alitoka. Alitembea katikati ya maji mpaka barabara kuu, viatu mkononi, akilia kwa hasira, na hakujua tena hasira ile ni ya nani. Ile aliyokuwa nayo kwa Fredrick ilikuwa bado ipo yote. Ya Mfaume ipo. Ila sasa zilikuwa zimekaa pamoja na nyingine, na hiyo hakuwa na mtu wa kumpigia meza.

Polikarpo alirudi Ijumaa. Kitu cha kwanza alichodai, kabla hajavua sweta, ni jina lake litolewe kwenye kazi ya kunakili. Mwanabaraka alimwonyesha namna ya kufanya, na mzee akabonyeza herufi mwenyewe, moja moja, akaliandika jina la Fredrick. Siku hiyo nakala ilifika saa saba, ikaisha, na rafu zote zikawa wazi.

Onyo la Genoveva lilifutwa baada ya wiki mbili. Fredrick alipata kazi kwenye kampuni ya simu mwezi wa Machi, na siku ya kumuaga alinunuliwa keki. Mkataba wa zahanati uliongezwa mwaka mmoja, na yale mazungumzo ya mwezi wa sita hayakufanyika. Mfaume hakuyataja, naye Mwanabaraka hakuyauliza.

Kila asubuhi alimwamkia Polikarpo shikamoo, na Polikarpo aliitikia marahaba, kwa kuwa hawezi kuacha salamu ya mtu bila kuiitikia. Baada ya hapo walifanya kazi kimya. Ilikuwa hivyo mpaka Mei, siku mashine ilipozimika ghafla na mzee akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Umegusa kitu?" aliuliza.

"Hapana."

"Haya," alisema Polikarpo, akainuka kwenda kuangalia fyuzi.